Sitakuita Kwenye Kona ya Kichuguu

Mwanangu Desideri,

Sikuulizi hali, maana hali yako naijua. Asubuhi umekunywa uji, ukalifuta bakuli kwa kidole kama ulivyokuwa ukifanya utotoni, halafu ukatoka kwenda kuwaaga wajomba zako ng'ambo ya mto. Utarudi jioni. Kesho kukipambazuka lori la Mzee Salumu litapita hapa likitoka Sumbawanga kwenda Kasanga, nawe utapanda, na huko Kasanga meli inakungoja. Kwa hiyo nina mchana huu tu. Nimeketi mlangoni na karatasi nilizoomba kwa mwalimu wa dini. Yeye alitaka kuniandikia. Akasema, "Mama Desideri, wewe sema tu, mimi mkono wangu mwepesi." Nikamwambia asante mwalimu, lakini ukiandika wewe itakuwa barua nzuri mno, mwanangu hatajua imetoka kwa nani.

Basi zivumilie herufi zangu. Masista walinifundisha kusoma ili nijue katekismu, na kuandika tulikuwa ndiyo kwanza tunaanza, bibi yako akaniita nyumbani nikavune ulezi. Nilipomaliza kuvuna nikaolewa.

Sitakwambia uvae nini wala ule nini. Huko uendako sikujui, na Bwana Kidevu, Mzungu wako anayekuchukua, anazijua baridi za kwao kuliko mimi. Nataka kukuandikia yale ambayo nikiyasema kwa mdomo nitalia, nikilia utasema, "Basi mama, siendi." Usije ukasema hivyo, mwanangu. Ukisema, nitakubali. Najijua. Nitashukuru Mungu na kukupikia, na wewe utabaki hapa ukiniangalia kwa macho ambayo sitaki kuyaona.

Watu wananiuliza unakwenda kufanya nini Ulaya. Wanadhani ni upadre, au udaktari. Jana kisimani Mama Kalisto aliniuliza mbele ya wanawake wote, nikamwambia anakwenda kuteleza. Akatua mtungi chini. "Kuteleza?" Nikasema ndiyo, analala kifudifudi juu ya ubao wenye vyuma, kichwa mbele, anashuka mlima wa barafu, anayefika chini mapema ndiye mshindi. Akasema, "Mwenzangu, watoto wa wenzio wanakwenda Kopabeti kuchimba shaba, wengine mkonge, wako anakwenda kulala?" Wakacheka wote. Nami nilicheka, Desideri. Halafu nilipokuwa njiani na maji kichwani nikasimama, nikashindwa kutembea, maana nilikumbuka kwamba baba yako naye aliuawa na kitu kinachoteleza.

Ulikuwa mdogo, na mengi umesikia kwa watu. Nisikilize mimi.

Baba yako Aleksi alikuwa akichonga sleji, yale magari yasiyo na magurudumu ambayo ng'ombe wanakokota wakati wa kuleta ulezi nyumbani. Hakuna aliyechonga kama yeye upande huu wa Ufipa. Alikuwa akitafuta mti uliojigawa mara mbili tangu porini, anaukata chini ya panda, anauchonga mpaka tumbo lake linakuwa laini kama tumbo la samaki. Wakati wa kujenga kanisa la kule bondeni waliomba mbao za paa zishushwe kutoka huku juu. Akazifunga kwenye sleji yake kubwa, akatangulia mbele kuongoza ng'ombe. Mvua ilikuwa imenyesha. Mnyororo ukakatika kwenye mteremko, ng'ombe wakaruka pembeni, mzigo ukamfuata yeye. Waliokuwepo walisema haukupiga kelele yoyote, ulikuja kimya kwa sababu aliuchonga vizuri.

Baada ya kumzika niliichukua ile sleji nikaipasua kwa shoka. Chakula cha matanga, chungu kizima cha ugali wa ulezi, nilikipika kwa kuni zake. Wewe ulisimama pale jikoni umeshika kipande kimoja, hutaki kukitoa. Nikakunyang'anya, nikakitia motoni. Nilidhani nauondoa mti huo katika nyumba yangu na katika damu yako. Leo nadhani kile kipande ningekuachia. Ungekuwa na kitu cha baba yako mkononi, pengine usingekwenda kukitafuta mlimani. Au ungekwenda vilevile. Sijui. Mtu akifiwa anafanya vitu kwa mikono kabla kichwa hakijafika.

Nawe ulikwenda mlimani. Kwanza ukatelezea ngozi ya ng'ombe pamoja na watoto wenzako wakati wa kiangazi, nyasi zikiwa zimekauka na asubuhi umande umeganda juu yake mweupe. Nikakuchapa. Ukatafuta ubao wa sanduku la sabuni. Nikauchoma. Ukatafuta mwingine ukaupigilia misumari, ukauficha kwa wajomba. Na hao kaka zangu, wazee wazima wenye mvi, wakakuficha kweli. Nilipokwenda kuwagombeza, mkubwa wao akanijibu, "Dada, tukimkataza atateleza bila ubao."

Wenzako wote walikuwa wakiteleza wameketi, miguu mbele, kama watu wenye akili. Wewe peke yako ulilala kifudifudi na kichwa mbele. Nilikuuliza kwa nini, ukaniambia, "Mama, nikiketi naona mlima. Nikilala nausikia." Sikukuelewa. Nilidhani unanijibu jeuri. Kalisto akaanza kukuita Kenge kwa vile unashuka kwa tumbo, na jina likashika. Kila mwaka baada ya mavuno, pombe ya ulezi ikishaiva na vijana wa vijiji vya juu wakishindana na wa ng'ambo ya mto, nilikuwa nikisikia hadi hapa nyumbani: Kenge anashuka, Kenge huyo, mpisheni Kenge. Nikajifungia ndani nikisaga unga ambao hakuna aliyeuhitaji.

Halafu ule mwaka nikaenda kutazama.

Unajua ninachotaka kusema, tulikuwa pamoja. Lakini hatujawahi kukizungumza hata siku moja. Nilisimama pale kwenye kona ya kichuguu, pale bonde dogo linapopinda kabla ya uwanda. Nikakuona ukitoka juu. Nilikuwa sijawahi kuona. Nilidhani ni mchezo wa watoto, nikaona kitu kinakuja kasi kama jiwe lililotupwa, chini kabisa ya nyasi, na kwamba jiwe hilo ni mwanangu. Ulikuja kimya. Wenzako mbao zao zilikuwa zinagonga na kupiga kelele, wako ulikuja kimya. Nikaona mzigo wa mbao za kanisa. Nikapiga ukelele: Desideri.

Watu wote wakikuita Kenge hukuwa ukishtuka. Lakini mimi nilikulea kwamba mama akiita, mtoto haulizi, haendelei na alichokuwa akifanya, anainua kichwa na kuitika. Ulipokuwa mdogo ukichelewa kuitika nilikufinya sikio. Nilijisifu kwa hilo kwa wanawake wenzangu: wangu nikimwita hata akiwa usingizini ataitika. Basi nikaita. Nawe, kwa kasi ile, na kichuguu kiko mbele yako, ukainua kichwa ukasema, "Naam, mama."

Nilikusikia. Wengine wanasema haiwezekani, ulikuwa mbali na upepo ulikuwa ukivuma. Nilikusikia.

Taya lako lilivyokaa upande tangu siku ile, ndilo ninaloliona kila ukitafuna. Ile miezi uliyokunywa uji kwa bua la ulezi hukunilaumu. Hata kwa macho. Ningependa ungenilaumu. Mwanamke mmoja alikuja kunipa pole akasema afadhali, sasa ataacha. Nami moyoni nikafurahi, Desideri. Nilikaa kando ya kitanda chako nikiwa nimefurahi kwamba umevunjika. Nimekaa na jambo hilo muda mrefu, na nilichojifunza ni kwamba hofu yangu ikishakuwa kubwa haitaki uwe mzima. Inataka tu uwe karibu.

Ulipopona ukakaa. Ulilima na mimi, tukapindua nyasi tukazifukia kwenye matuta, ukafanya kazi kuliko vijana wote, na usemi ukakutoka. Ulikuwa ukifika ukingoni mwa shamba, unatazama mteremko, unarudi kwenye tuta. Ukawa kijana mzuri ambaye kila mama angemtaka. Nami nilikuwa nakula na mtu asiyekuwepo. Dada yako Prisila alipokuja kutoka Wampembe na samaki wake wakavu, alikaa siku chache tu, akaniambia tukiwa jikoni, "Mama, huyu mmemfanya nini? Anaitika kabla hajaitwa."

Hapo ndipo nilipotoa jembe.

Unalijua lile jembe, lakini labda hukujua limetoka wapi. Baba yako alipotaka kunioa alipeleka kwetu majembe ya mahari, yale ya zamani, ya chuma kilichoyeyushwa kwenye tanuri za udongo kabla majembe ya dukani hayajaja. Baba yangu akayapokea yote, moja akanirudishia nianzie shamba langu. Nililitumia mpaka likawa fupi kama kiganja, nikalitundika juu ya dari. Siku ile nikalishusha, nikalipeleka kwa mzee mhunzi, nikamwambia alipasue katikati anyooshe vyuma viwili vyembamba vya kuweka chini ya ubao. Akalitupa chini. "Mama, jembe la mahari halipasuliwi. Unavunja ndoa yako." Nikamwambia, "Ndoa yangu iko kaburini, mzee. Hiki ni chuma. Pasua." Akapasua, lakini alinigeuzia mgongo wakati wa kufanya hivyo, na hajanisalimu vizuri hadi leo.

Nilipokuwekea vile vyuma kando ya bakuli lako hukuuliza vimetoka wapi. Ulivipapasa, ukavipima kwa kidole gumba, ukaniuliza tu, "Utakuja kutazama?" Nikasema nitakuja.

Siku hiyo nilisimama palepale kwenye kona ya kichuguu. Nilitia ncha ya kanga mdomoni nikaiuma. Ulipotokea juu nikauma. Ulipoingia bondeni nikauma. Ukapita mbele yangu, kidevu chako kiko juu ya nyasi kama mtu anayeinusa ardhi, ukaegemeza bega moja kidogo tu, ubao ukapinda na kona kama maji yanavyopinda, ukaenda. Sikutoa sauti. Nilipotoa kanga mdomoni ilikuwa imetoboka. Ninayo hadi sasa, sikuishona.

Chini kwenye uwanda walikuwa wakikubeba juu juu, na yule Mzungu aliyekuwa akisimamia ujenzi wa barabara akawa anakimbia kutoka kambini kwake, kofia imeanguka, anapiga kelele kwa Kiswahili chake, "Kidevu! Kidevu chini! Nani amefundisha huyu kidevu chini?" Tangu hapo akaitwa Bwana Kidevu, na hakukasirika. Ndiye aliyetuambia kwamba kwao, kwenye milima ya barafu, watu wazima wenye ndevu wanafanya kazi hiyo hiyo, kwamba naye alikuwa mmoja wao mpaka mguu ulipoharibika, na kwamba hajawahi kuona mtu aliyeipata bila kufundishwa.

Nakumbuka siku mliyonipeleka Sumbawanga kwa Bwana Shauri, ofisini kwa serikali, kuandikisha safari yako. Karani akauliza, "Kazi yake?" Bwana Kidevu akajibu, "Anateleza." Karani akaweka kalamu. "Bwana, mvua ikinyesha hapa Sumbawanga sote tunateleza." Mlicheka ninyi wawili mpaka askari akachungulia. Mimi nilikuwa nikikutazama wewe. Taya lako likiwa upande, unacheka. Nilikuwa sijakusikia ukicheka tangu ule mwaka. Nikajua nimeshakupoteza, na kwamba nimekupata siku hiyo hiyo.

Tulipotoka nje, ulipokwenda sokoni, nilimuuliza Bwana Kidevu neno moja. Nilimuuliza huko kwao watu hufa? Angeweza kunidanganya. Mimi ni mwanamke wa kijijini, sijui barafu ni nini zaidi ya umande wa kiangazi. Akavua kofia, akasema, "Wengine, mama. Wachache. Lakini wanakufa." Nikamwambia asante. Nilimwamini kwa neno hilo kuliko kama angeniambia habari zote nzuri za Ulaya. Akaniuliza, "Basi unakataa?" Desideri, hujui kwamba swali hilo liliulizwa. Uamuzi ulikuwa mkononi mwangu pale barazani kwa Bwana Shauri, kama kuku aliyefungwa miguu. Nilimfikiria yule kijana mzuri aliyekuwa akiitika kabla hajaitwa. Nikasema, "Sikatai."

Sasa unakwenda. Nataka nikwambie machache, si kwa kukuonya.

Huko watakuita majina mengi. Watakuita kwa rangi yako, watakuita kwa dharau, na ukishinda watakuita kwa mapenzi, na mapenzi ndiyo yatakayokupasua sikio. Ukiwa juu ya ubao usimwitike mtu. Nilikulea vibaya katika hilo, au nilikulea vizuri kwa nyumbani na vibaya kwa mlimani. Fika chini kwanza. Simama kwa miguu yako. Ndipo uinue kichwa uangalie ni nani.

Ukiogopa, ogopa. Baba yako hakuwa akiogopa, au hakuwa akisema. Mimi nimeogopa kwa ajili yetu sote, na hofu hiyo haikuuzuia mnyororo kukatika. Lakini ukiogopa mwambie mtu. Mwambie Bwana Kidevu. Usiikalie kama mimi, maana inaoza na kunuka kama furaha, kama ile niliyokuwa nayo kando ya kitanda chako.

Ukishindwa, rudi. Ukichoka, rudi. Ukivunjika, andika, hata kama ni mtu mwingine anayeshika kalamu. Prisila anataka nihamie kwake Wampembe, nikae ziwani nikaushe samaki, anasema peke yangu huku juu baridi itaniua. Nimemkatalia. Nitakaa hapa hapa. Nataka siku ukirudi usilazimike kuuliza mama yuko wapi.

Na usipoweza kurudi, Desideri. Hapa nimesimamisha kalamu, nimekwenda kuwafukuza kuku kwenye ulezi, nimerudi. Usipoweza kurudi, basi ujue kwamba nilijua. Nilimuuliza, akaniambia, nikasema sikatai. Asije mtu akakwambia, wala usijiambie mwenyewe ukiwa umelala huko kwenye barafu, kwamba ulimwacha mama asiyejua. Nilijua, nikakufungia mzigo.

Vile vyuma vya jembe nimevifunga katika shuka, na barua hii nitakupa kesho mlangoni, uisome kambini ukingoja lori. Bwana Kidevu anasema huko wana vyuma vyao vizuri zaidi. Sawa. Hivyo usitelezee, viweke tu.

Sasa la mwisho, ndilo lililonikalisha hapa.

Kesho tutaagana mlangoni. Sitakwenda nawe hadi kambini unakopandia lori, maana huko watakuwepo watu, na mimi mbele ya watu sijui nitafanya nini. Ukishaondoka nitapitia njia ya shamba, nitakwenda kusimama kwenye kona ya kichuguu. Barabara inapita hapo chini yake, utaiona, lori linapunguza mwendo kabla ya kuanza kushuka, na ziwa linaonekana mbele. Utakuwa juu ya magunia, naijua desturi ya lori la Mzee Salumu. Utanitafuta kwa macho. Nakuomba usinitafute. Nitakuwa nimesimama upande wa nyuma ya kichuguu, na kanga mdomoni, ile ile.

Sitakuita. Usidhani nimechelewa, wala usidhani nimekataa kuja. Ukipita pale na hukusikia kitu, basi jua ni mimi ninayenyamaza. Wewe tazama mbele, kidevu chini, shuka na lori lako.

Nitangoja mpaka mlio wa gari uishe kabisa huko chini upande wa Kasanga. Nitangoja tena kidogo. Ndipo nitatoa kanga mdomoni nikuite jina lako, moja tu, kwa sauti ya kawaida, kama ninavyokuita uje kula.

Usiitike.

Mimi mama yako,
Teofista